Mtoto Maskini Hana Kadi ya Chama

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*

_Hii ni hotuba ya Katibu wa Tawi iliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama Jumamosi. Tunaituma yote kwa sababu wengi walikuwa kazini na hawakufika. Soma mpaka mwisho, kisha msomee na mwenzako ambaye simu yake haipokei ujumbe wa namna hii._



Serikali ya mtaa imetangaza mkutano wa wakazi. Miongoni mwa ajenda ni kuhakiki orodha ya kaya zenye uhitaji. Tangu tangazo lile libandikwe, Kamati imepokea ujumbe mwingi, na mwingi una ombi moja: tawi lipeleke majina ya wanachama wetu kabla wengine hawajapeleka ya kwao. Wapo waliosema wazi kwamba chama kinachoshindwa kuwatunza wake hakina maana.

Tumekaa kama Kamati, tumelijadili, na jibu letu ni hapana. Hatukatai kwa sababu wanachama wetu si maskini. Tunajua hali za nyumba zetu. Tunakataa kwa sababu anayelengwa na orodha ile ni mtoto, na mtoto hana kadi ya chama. Leo tunaomba tuwape sababu zetu kwa hesabu, maana jambo hili mara nyingi huzungumzwa kwa huruma tu, na huruma isiyo na hesabu haipiki uji.

*1. UMASKINI UNAPIMWAJE*

Kwanza tuelewane tunaposema "maskini" tunamaanisha nini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 kwa Tanzania Bara uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, unapata shilingi 1,644 kwa siku. Humo humo kuna chakula, kodi ya chumba, sabuni, nguo, dawa, nauli na daftari. Mstari wa chakula peke yake ulikuwa shilingi 33,748 kwa mwezi, sawa na shilingi 1,125 kwa siku.

Kwa kipimo hicho, asilimia 26.4 ya wananchi walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3, mijini asilimia 15.8. Asilimia 8 walikuwa chini ya mstari wa chakula, maana yake hata wangeacha kulipa kodi ya nyumba, wakaacha kununua sabuni na dawa, fedha yote ikaenda sokoni, bado wasingeshiba. Na hizo ni bei za wakati ule. Kila mama aliyekwenda sokoni wiki hii anajua zimefika wapi.

Sasa kumbukeni kwamba karibu nusu ya Watanzania wako chini ya umri wa miaka 18. Kaya maskini kwa kawaida ndiyo yenye watu wengi na yenye watoto wengi. Kwa hiyo tunaposema mtu mmoja kati ya wanne ni maskini, tusimpigie picha mzee mwenye mkongojo. Tumpigie picha mtoto wa darasa la pili. Huyu hakuchagua mzazi, hakuchagua mtaa, hakucheza pesa ya mtaji, hakunywa mshahara. Ukimwadhibu kwa makosa ya mzazi wake, unamwadhibu asiyehusika.

*2. FEDHA YA TASAF KWA MACHO YA MHASIBU*

Wengi wetu tunaposikia "kaya maskini" tunawaza TASAF. Mfuko ule ulianzishwa mwaka 2000 kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, yaani wa kuzipa kaya fedha mkononi, ulianza mwaka 2012, ukapanuka hadi kaya zaidi ya milioni moja, na awamu ya pili ilizinduliwa Februari 2020.

Tuchukue viwango vya awamu ya kwanza tuvipige hesabu. Baadaye vilirekebishwa, lakini vinaonyesha mpango ulivyojengwa. Kila kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi kama ruzuku ya msingi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Yenye mtoto mchanga, 4,000 nyingine. Kila mtoto wa shule ya msingi 2,000, wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, wa kidato cha tano na sita 6,000. Ukomo kwa kaya nzima ulikuwa shilingi 38,000 kwa mwezi.

Mfano: nyumba ina mama, bibi, mtoto mchanga, watoto wawili wa shule ya msingi na mmoja wa kidato cha pili. Jumla watu sita. Ruzuku yao ni 10,000, jumlisha 4,000, jumlisha 4,000, jumlisha 4,000 ya wale wawili, jumlisha 4,000 ya wa sekondari. Jumla shilingi 26,000 kwa mwezi. Kwa siku ni shilingi 867 kwa nyumba nzima. Kwa kichwa ni shilingi 144.

Wekeni 144 pembeni ya 1,644. Hata tukikubali kwamba mtoto huhesabiwa pungufu ya mtu mzima, pengo bado ni kubwa. Kwa hiyo anayesema watu wanatajirika kwa TASAF, mwambieni aje tumpe kalamu.

Lakini pia msidharau. Tathmini ya awamu ya kwanza ilionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye kaya za walengwa ulipungua kwa asilimia 10, na ule uliokithiri kwa asilimia 12. Fedha ndogo hivi inafanyaje kazi kubwa hivyo? Inafanya kazi kwa sababu ina tarehe. Mama anayejua kwamba baada ya miezi miwili atapokea 52,000 anaweza kukopeshwa unga dukani leo. Anaweza kununua kuku wawili. Anaweza kumwambia mwalimu "nitaleta mwezi ujao" na akaaminiwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba hiyo ije kwa tarehe inayojulikana. Ikichelewa miezi, inageuka kuwa fedha ya kulipa madeni tu.

Mpango ule ulikuwa na masharti pia. Mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Mtoto mdogo apelekwe kliniki. Kaya zenye nguvu kazi zilipewa ajira za muda kwenye miradi ya jamii, shilingi 2,300 kwa siku, siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Hiyo ni 138,000 kwa mwaka mzima, kwa kuchimba mtaro na kupanda miti juani. Huo si uvivu.

*3. WANAOACHWA NJE YA ORODHA*

Orodha inapatikana hivi: wakazi wanakutana kwenye mkutano wa hadhara, wanataja kaya zilizo na hali ngumu zaidi, kisha dodoso linajazwa nyumba kwa nyumba kuangalia watu, hali ya nyumba na mali, halafu majina yanarudi kwa wakazi yathibitishwe. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Kwenye mtaa kama wetu una matundu, na sisi ndio wenye macho ya kuyaona.

Tundu la kwanza ni mpangaji. Dodoso linaangalia paa na sakafu. Mpangaji wa chumba kimoja analala chini ya bati la mwenye nyumba na juu ya saruji ya mwenye nyumba. Kwa kuangalia nyumba anaonekana ana nafuu. Ndani ana godoro moja na watoto watatu.

Tundu la pili ni kuhama. Kodi ikipanda, familia inahamia mtaa wa pili, na huko haijulikani. Mkutano wa hadhara unamtaja anayejulikana. Mama aliyehamia miezi minne iliyopita hana wa kumtaja.

Tundu la tatu ni aibu. Kuna baba aliyepoteza kazi ambaye angependa kulala njaa kuliko kusikia jina lake likisomwa kwa kipaza sauti. Watoto wake hawakuulizwa kama wanaona aibu ile ile.

Tundu la nne ndilo linalotuhusu sisi, ndugu wanachama. Nafasi zikiwa chache, kila kikundi kinavuta wake: ndugu wa kiongozi, waumini wa nyumba fulani ya ibada, wanachama wa chama fulani. Kila jina linaloingia kwa kuvutwa linamsukuma nje mtoto ambaye hatutamjua jina. Tukipeleka orodha ya chama chetu, chama kingine kitapeleka ya kwake, na mtoto wa mama asiye na chama atabaki bila mtetezi.

Kuna mfano wa karibu wa fedha ya umma isiyouliza mengi. Zanzibar mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka bajeti ya serikali yenyewe. Kigezo ni umri na ukaazi. Mkutano wa kubishana nani maskini zaidi haukuhitajika. Na sote tunajua bibi akipata fedha, wajukuu wanakula. Huo ni mwelekeo tunaotaka chama chetu kiutetee: ruzuku ya mtoto inayomfuata mtoto kwa sababu ni mtoto, na jina lake lisitegemee nani alifika mkutanoni. Hadi siku hiyo ifike, tunachoweza kufanya ni kuilinda orodha iliyopo iwe ya haki.

*4. SHULE: ADA IMEFUTWA, GHARAMA IPO*

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi mpaka kidato cha nne haina ada. Ile shilingi 20,000 kwa mwaka ya sekondari ya kutwa na 70,000 ya bweni ziliondoka, na baadaye kidato cha tano na sita nao wakafutiwa. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Hilo ni jambo jema na tuliseme bila kigugumizi, hata pale ambapo hatukubaliani na waliolifanya kwenye mambo mengine.

Sasa tusome upande wa pili wa daftari. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kinatokana na MMEM, mpango ulioanza 2002, wakati ambapo 10,000 ilikuwa karibu dola 10 za Marekani. Kilikaa palepale kwa zaidi ya miaka 15, na leo fedha hiyo haifiki dola tano. Katika 10,000 hiyo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndiyo inayokwenda shuleni. Mwaka una siku 194 za masomo. Gawanyeni: shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Kwa shilingi 31 mwalimu mkuu anunue chaki, karatasi za mitihani, atengeneze dawati na mlango.

Hapo ndipo michango inapozaliwa. Shule haina fedha, mzazi anaombwa. Mzazi mwenye nacho analipa na kusahau. Asiye nacho, mtoto wake anasimamishwa mstarini. Serikali imeshatamka mara kadhaa kwamba michango ni hiari na hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu yake. Hata hivyo wazazi waliokuja ofisi ya tawi wanasema bado inatokea, na njia inayotumika ni ya kimyakimya: mtoto hafukuzwi, ila anaitwa jina mbele ya wenzake kila asubuhi mpaka anaacha kuja mwenyewe.

Na kuna sare, viatu, daftari, na chakula cha mchana. Mwongozo wa taifa wa chakula shuleni wa mwaka 2021 unategemea sana michango ya wazazi na jamii. Matokeo yake tunayaona saa sita mchana: waliochangia wanapanga foleni na vikombe, wasiochangia wanakwenda kunywa maji bombani. Darasa moja, mwalimu mmoja, mtihani mmoja, lakini mmoja anafundishwa akiwa na uji tumboni na mwingine hana. Mwisho wa muhula tunasema yule wa pili "hana akili". Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

*5. SIKU ELFU MOJA ZA KWANZA*

Kuna njaa isiyoonekana kwa macho. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Ilikuwa asilimia 34 mwaka 2015/16, kwa hiyo tumesogea. Lakini asilimia 30 ni watoto watatu katika kila kumi. Kudumaa maana yake si ufupi tu. Ubongo nao umekosa vitu vyake wakati wa kujengwa, tangu mimba hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, na baada ya hapo kurekebisha ni vigumu mno.

Jambo la kutafakari: mkoa ulioongoza ni Iringa, karibu asilimia 57, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, karibu asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi mahindi. Mahindi yapo, mtoto amedumaa. Kwa nini? Kwa sababu mtoto haishi kwa ugali mtupu, na kwa sababu mama yupo shambani kutwa na mtoto analishwa mara mbili kwa siku na dada yake wa miaka minane. Chakula kikiwepo lakini mama hana muda, hana fedha ya mayai na dagaa, na maji si safi, mtoto hadumishwi na ukame. Anadumishwa na mpangilio wa maisha ya watu wazima.

Muda wa mama nao una sera. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku tatu. Lakini mama ntilie, muuza mboga, mfanyakazi wa ndani asiye na mkataba, hao ndio wengi katika mtaa huu, na likizo yao ni siku waliyobaki na nguvu ya kulala. Wiki ya tatu mtoto yuko mgongoni jikoni, kwenye moshi.

Fedha kidogo ipo hapa pia. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa ajili ya lishe. Kutenga ni kuandika. Kutoa ni kitu kingine. Kila aliyesoma hesabu anajua kati ya safu ya "bajeti" na safu ya "matumizi halisi" ndimo watoto wanapopotelea. Vivyo hivyo kwa matibabu: sera ya afya tangu 2007 inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo. Mama anafika, anaandikiwa dawa, anaambiwa akanunue nje. Kumwona daktari ni bure, dawa hakuna.

*6. KODI HAIMUONI MTOTO*

Tunasikia maneno haya hata ndani ya chama: "Sisi tunalipa kodi, wao wanapewa bure." Tuliweke sawa.

Mama wa kaya maskini akinunua sabuni au vocha ya simu, ndani ya bei kuna kodi, ikiwamo VAT. Haulizwi kama ni maskini. Analipa sawa na mwenye gari. Kwa hiyo ile 26,000 anayopokea, sehemu yake inarudi Hazina kabla wiki haijaisha.

Upande wa mshahara, mfumo wetu wa PAYE humwachia anayelipwa hadi shilingi 270,000 kwa mwezi bila kodi. Hilo ni zuri. Lakini chukua wafanyakazi wawili wenye mshahara unaolingana, mmoja hana mtoto, mwingine ana watoto watano na mama mgonjwa. Kodi yao ni sawa mpaka senti ya mwisho. Mfumo wetu wa kodi hauna safu ya mtoto. Wa kima cha chini wanabanwa, na wa juu kabisa hawasikii kitu.

Marekani, nchi tajiri yenye watoto maskini wengi, mwaka 2021 ilitumia mfumo wake wa kodi kufanya jambo ambalo wanasiasa walidhani haliwezekani. Iliongeza nafuu ya kodi ya mtoto hadi dola 3,600 kwa mwaka kwa mtoto chini ya miaka sita na 3,000 kwa aliyezidi hapo, na familia zilizokuwa hazina kipato cha kutosha nazo zikapewa fedha. Nusu ililipwa kila mwezi, kuanzia Julai hadi Desemba. Kwa kipimo chao kinachohesabu misaada ya serikali, umaskini wa watoto ulishuka mwaka ule hadi asilimia 5.2. Bunge lao halikuongeza muda. Mwaka 2022 ukarudi juu, asilimia 12.4. Zaidi ya mara mbili, ndani ya mwaka mmoja.

Tujiulize: kati ya 2021 na 2022, je, wazazi wa Marekani waligeuka wavivu ghafla? Hawakubadilika. Kilichobadilika ni kura za wabunge. Brazil nayo ilianza Bolsa Família mwaka 2003, fedha ikienda zaidi kwa akina mama, na mipango ya aina hiyo ndiyo iliyoigwa sehemu nyingi duniani pamoja na kwetu. Sisi si matajiri kama wao na hatusemi tutoe kiasi kile. Tunachosema ni kwamba watoto wangapi wawe maskini ni jambo linaloamuliwa bungeni na kwenye baraza la madiwani. Na kama linaamuliwa, basi ni kazi ya chama cha siasa.

*7. MAJIBU KWA WALIOTUANDIKIA*

_"Watu wetu watatuuliza tumewafanyia nini."_ Wataambiwa: tumehakikisha mtoto wako, kama ana sifa, hakuondolewa na mtoto wa mkubwa. Mwanachama maskini ataingia kwenye orodha kwa umaskini wake, na hakuna atakayeweza kumtoa kesho chama kingine kikishika mtaa. Aliyeingia kwa kadi atatolewa kwa kadi.

_"Mkono mtupu haulambwi. Tugawe sare na madaftari yenye nembo yetu."_ Atakayenunua daftari amnunulie mtoto wa jirani yake, tunamshukuru. Lakini Kamati imekataa picha za watoto wakipokea msaada kurushwa kwenye makundi ya simu. Mtoto yule ana wenzake darasani. Picha itamfuata mpaka kidato cha nne.

_"Wengine wanakunywa hizo fedha."_ Wapo. Hata mishahara inanywewa, na hatujasikia pendekezo la kufuta mishahara. Ndiyo maana mama ndiye hupokea katika kaya nyingi, na ndiyo maana kuna Afisa Ustawi wa Jamii. Ukiona nyumba ambayo fedha haimfikii mtoto, toa taarifa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa kila mtoto katika eneo lake.

*8. TUNAYOKWENDA KUFANYA*

Kwa hayo, Kamati imeazimia yafuatayo na mkutano wa Jumamosi umeyapitisha:

✅ *Moja.* Tawi halitapeleka orodha ya wanachama. Kila kiongozi wa tawi atazunguka eneo lake kabla ya mkutano wa mtaa, akiwa na jirani asiye mwanachama wetu, kutafuta hasa wapangaji, waliohamia karibuni na nyumba zinazolelewa na bibi. Majina yatatajwa hadharani na majirani wenyewe, kwa ridhaa ya wahusika.

✅ *Mbili.* Tutamwandikia Diwani wetu barua kuomba takwimu tatu: fedha ya lishe ya shilingi 1,000 kwa mtoto, kiasi kilichotengwa na kiasi kilichotoka, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa 2023 na kurejea 2024, vikundi vingapi vya kata yetu vimepata, na ruzuku ya kila shule ya kata kwa muhula huu. Tunaomba zibandikwe kwenye mbao za matangazo, kila mtu azisome.

✅ *Tatu.* Wanachama walio kwenye kamati za shule watasimamia jambo moja tu mwaka huu: hakuna mtoto kuitwa jina mstarini kwa mchango, na chakula kikipikwa, wale wote. Kamati ya shule ikae itafute namna ya kufidia wasioweza. Sufuria ya watoto mia mbili haiishi kwa vikombe kumi na tano.

✅ *Nne.* Tutapeleka ngazi ya juu ya chama pendekezo la maandishi: ilani ijayo itamke ruzuku ya mtoto kwa kila mtoto mdogo, ianze na waliozaliwa karibuni, na ruzuku ya shule ipandishwe kulingana na bei za sasa. Tutaambatanisha hesabu hizi mlizosikia.

Ndugu wanachama, tunajua uamuzi wa kwanza utatugharimu. Wapo watakaokwenda chama kingine kwa sababu ya jina moja kwenye orodha. Tumelipima hilo na tumelikubali. Lakini wote waliobaki tunawahitaji siku ya mkutano wa mtaa, maana asiyekuwepo na lake halipo. Njooni mapema, kaeni mpaka mwisho, na jina la mtoto asiye wenu likitajwa kwa haki, nyosheni mkono kuthibitisha.

Mwenye swali aulize kwa viongozi wa tawi au afike ofisini jioni. Mwenye hesabu inayopingana na zetu ailete, tutaikagua pamoja.



_Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji._